Mngojeni Mwenyeji Awape Jembe

Hotuba ya mwalimu mstaafu wa Ujiji kwa vijana wanaotumwa kufanya kazi ya umisionari vijijini, Kigoma mjini

Assalaam aleikum. Na kwa desturi yenu, Bwana Yesu asifiwe.

Mchungaji mwenyeji wetu, walezi wa mafunzo haya, nanyi wanangu mnaosubiri kupangiwa vijiji, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Mchungaji alikuja kwangu Ujiji wiki mbili zilizopita. Alikaa barazani, akanywa kahawa, ndipo akasema: "Mwalimu, vijana wangu wamefundishwa kuhubiri. Kuwa wageni hawajafundishwa. Nataka wasikie kwa mtu aliyewahi kuwapokea." Nikamkumbusha kwamba mimi ni Mwislamu, binti wa Waislamu, na nitazikwa hivyo. Akasema ndiyo maana ameitafuta nyumba yangu. Basi nitasema kama mwenyeji. Mambo ya madhabahuni nawaachia wenyewe. Mimi nitabaki uani na ufukweni.

Methali mnaijua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu huitumia kumsema mgeni mvivu. Mimi nimezeeka nayo, na leo nataka muisikilize upya. Jembe analitoa nani? Mwenyeji. Jembe ni lake, shamba ni lake, na siku ya kulitoa anaijua yeye. Siku anayokukabidhi, amekwisha kuamua moyoni kwamba umetoka kwenye watu wa kutandikiwa mkeka na kuchinjiwa kuku, umeingia kwenye watu wa nyumba. Wamisionari niliowaona wakishindwa kwenye vijiji vyetu walikuwa wachapakazi kweli kweli. Tatizo lao ni kwamba walikuja na majembe yao, na wakaanza kulima siku ya kwanza.

Hapa kwetu huwezi kutaja wamisionari bila mtu kukuonyesha miembe ya Ujiji na kukuhadithia mwandishi wa habari Stanley alivyomkuta mmisionari Livingstone mwaka 1871. Hiyo ndiyo habari iliyoingia magazetini. Ipo ya kabla yake, nayo ndiyo ninayowafundisha wajukuu zangu. Mwaka 1869 Livingstone aliingia Ujiji akiwa mgonjwa wa mapafu, amebebwa kwenye machela. Aliyemuuguza njiani alikuwa mfanyabiashara Mwislamu aitwaye Mohamad Bogharib, mtu wa misafara ya pembe na watumwa. Tafakarini ugumu wake. Livingstone aliichukia biashara ya utumwa na kuiandika vibaya kila alipopata karatasi, na uhai wake ukawa mikononi mwa mtu anayeifanya. Kisha Oktoba 1871 aliporudi Ujiji kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, siku hizi Kongo, akakuta bidhaa alizotumiwa kutoka pwani zimeuzwa zote na mtu aliyekabidhiwa. Hakuwa na kitu. Siku hizo chache kabla Stanley hajafika, yule mzungu maarufu kuliko wote alikuwa maskini katika mji wetu.

Sisemi haya kuisafisha biashara ile. Bibi wa bibi yangu alitoka Manyema akavuka ziwa hili, wala hakuvuka kwa hiari yake. Ninachosema ni kwamba Livingstone, alipokuwa Ujiji, alikuwa mtu wa kuhitaji watu. Alihitaji machela, uji na hifadhi. Mtu unayemhitaji huwezi kumtazama kutoka juu, na yeye hawezi kukuogopa.

Miaka saba baadaye, tarehe 23 Agosti 1878, wakafika wamisionari wa London Missionary Society. Miongoni mwao walikuwa Edward Hore na mwenzake Thomson. Kabla Septemba haijaisha Thomson alikuwa amefariki na kuzikwa hapa. Hore alibaki amezungukwa na wafanyabiashara waliomshuku kuwa ametumwa na Waingereza kuja kuvunja biashara yao. Sasa huyu Hore alikuwa baharia. Alichukua chombo cha kienyeji, akakifunga matanga, akakipa jina la Calabash, yaani kibuyu, akaanza kulizunguka ziwa na kuchora ramani ya kingo zake. Wanangu, anayesafiri kwa chombo kidogo kwenye Ziwa Tanganyika ni mwombaji. Aombe kujua upepo unageuka lini. Aombe mahali pa kujificha na mawimbi. Aombe kuni, maji, na ruhusa ya kulala mchangani. Kijiji baada ya kijiji, Hore alifika akiwa na shida, akasaidiwa. Alidumu miaka kumi. Kanisa hakuliacha Ujiji, na huenda wapo kati yenu watakaosema basi alishindwa. Mimi sisemi hivyo. Kwa mtu aliyeanza akidhaniwa jasusi, kuruhusiwa kutia nanga mwambao mzima si jambo dogo.

Mapadri wa Kardinali Lavigerie, wale tuliowaita Wamisionari wa Afrika, walifika Ujiji Januari 1879. Lavigerie alikuwa amewapa amri ambazo mimi Mwislamu nazipenda hadi leo: mseme lugha ya watu, mle chakula chao, mvae kama wao. Walivaa kanzu nyeupe na kofia nyekundu, tasbihi shingoni. Najaribu kuwaza wazee wetu wa Ujiji walipowaona kwa mbali. Nadhani kuna aliyeitikia salamu ya Kiislamu kabla hajajua ni akina nani.

Hata hivyo kuna jambo walilolifanya ambalo ni gumu kulisema. Waliwakomboa watoto watumwa kwa kuwanunua, wakawalea katika vituo vyao. Kumtoa mtoto kwenye mnyororo ni jambo la huruma na sitalipinga. Lakini ukijenga kijiji cha watu uliowakomboa wewe, wanaokula kwako na wasio na pengine pa kwenda, utajuaje kama wanakupenda? Na majirani nje ya ukuta wanakuonaje? Wanaona chifu mpya amekuja na watu wake. Ukuta wa namna hiyo unaweza kujengwa leo kwa ada ya shule, kwa magunia ya mahindi, kwa baiskeli. Mjichunge nao.

Katika watoto hao waliokombolewa yumo mmoja ambaye ningependa mmjue kuliko Stanley. Adrien Atiman alizaliwa huko Mali, akauzwa akiwa mtoto, wamisionari wakamkomboa, akasomea udaktari Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kwenye ufuko wa mashariki wa ziwa hili, siku hizi Mkoa wa Katavi. Alitibu watu akiwa pia katekista, akaoa hukohuko, na hakuondoka tena. Alifariki 1956. Hesabuni: miaka sitini na saba kijiji kimoja. Mtu aliyekaa miaka sitini na saba hamwiti tena mmisionari. Alikuwa mtu wa Karema.

Ndugu zetu wa Tabora nao wana habari yao, nitaigusa tu. Wamoravian walipokea kazi Urambo mwaka 1898, na mmoja wao aliyeitwa Edmund Dahl alikaa akasikiliza jinsi Wanyamwezi wanavyotamka. Sisi tunasema tatu, wao wanasema idatu. Wengine wangepita wakiona ni lafudhi tu. Dahl alisikia kwamba kuna kanuni humo ndani, na wataalamu wa lugha za Kibantu mpaka leo wanaiita Sheria ya Dahl. Mimi ni mwalimu wa lugha, mnisamehe nikifurahi. Lakini fikirini masikio ya namna hiyo yamekaa uani kwa nani, kwa saa ngapi, mpaka yakasikia kitu ambacho wenye lugha wenyewe hatukuwa tumekitambua.

Sasa niwaeleze niliyoyaona kwa macho yangu.

Mimi nilipangiwa kijiji cha mwambao wa kaskazini, ukishaipita Gombe, mwaka 1977, serikali ilipotaka kila mtoto aingie darasani na walimu tukawa hatutoshi. Mkoa wetu ulikuwa umetoka kwenye Operesheni Kigoma. Watu walikuwa wamehamishwa kwa mipango iliyoandikwa na wengine, na kila aliyeshuka kwenye boti na daftari mkononi aliangaliwa kwa jicho la pembeni. Mimi pia niliangaliwa hivyo. Nilipata chumba kwa bibi mmoja mjane, muuza dagaa, na nitamtaja tena.

Akaja mwinjilisti. Alikuwa kijana wa Kitanzania kama wengi wenu hapa, msomi, mwenye moyo safi, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba ugeni ni rangi ya ngozi. Alikuja na jenereta na sinema, akapanga mikutano ya jioni wiki nzima. Walikuja watoto na vikongwe. Alipomaliza aliandika taarifa kwa waliomtuma kwamba watu wa hapa ni wagumu wa moyo. Nalijua hilo kwa sababu aliniletea taarifa nimsahihishie.

Wanaume walikuwa wapi? Walikuwa majini. Wiki ile ilikuwa ya giza. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku usio na mwezi: mvuvi anawasha karabai, dagaa anaifuata nuru, wavu unainuliwa. Mbalamwezi ikitoka taa haina kazi, na hapo ndipo watu hushona nyavu, hulipana madeni, huoza mabinti, huketi vikao. Kijiji kizima kinaishi kwa mwezi wa angani. Yeye aliishi kwa kalenda ya ukutani. Angemuuliza mtoto yeyote wa darasa la kwanza angeambiwa. Na mimi nilijua, sikumwambia. Nilijiona mgeni, nikasema si kazi yangu. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu aliondoka akiwachukia watu ambao hakupata kukutana nao.

Kabla hajaondoka alileta mafundi kutoka mjini wakaweka bomba la maji. Lilikuwa bomba zuri. Lilipoharibika niliwasikia wanawake kisimani wakisema, "Bomba la mchungaji limekufa." Hakuna aliyelitengeneza. Lilikuwa la mchungaji.

Miaka ikapita, tukampata mgeni mwingine, mtu na mkewe kutoka Ulaya, mke akiwa muuguzi. Kiswahili chao kilikuwa cha chuoni na Kiha hawakukijua kabisa. Kulikuwa na kiwanja cha kujenga, lakini wao waliomba vyumba viwili uani kwa bibi, upande wa pili wa chumba changu. Walikuja bila vyombo. Jioni ya kwanza mama yule alisimama mlangoni kwa bibi akaomba sufuria. Bibi alinitazama, kama anayeniuliza hivi watu hawa wametoka wapi. Akampa.

Kwa miezi hawakufanya lolote la kuandikwa kwenye taarifa. Mume alikwenda ufukweni alfajiri boti zikirudi, akajifunza kushika kamba. Walisalimia. Salamu za Waha ni ndefu, mnajua, haziishi kwenye mwakeye; kuna watoto, mihogo, ndoto za usiku, mzee anayeumwa. Wao walizimaliza zote, na waliposhindwa neno walisimama wakacheka mpaka mtu akawasaidia.

Kisha siku moja mvua ilikuja bila kuaga. Wale wa bara hamjui maana yake. Dagaa walikuwa wametandazwa mchangani ufuko mzima, na dagaa wakilowa ndiyo wameoza, na mtaji wa mwanamke umeoza nao. Kijiji chote hutoka mbio. Yule mama alikuwa akimfunga mtu kidonda. Alimalizia fundo, akatoka na kanga yake, akapiga magoti kwenye mchanga kwa bibi, akaanza kukumba kwa mikono miwili. Alikumba vibaya, mchanga nusu na dagaa nusu. Hakuna aliyecheka. Tulipomaliza tulikuwa tumelowa wote, na harufu ileile.

Kesho yake bibi alimwita. Alikuwa ameshika ungo wa zamani, umeshonwa ukingoni kwa uzi wa wavu. Akamwambia, "Huu wako." Basi. Tangu siku hiyo alikuwa na sehemu yake mchangani, kati ya bibi na mimi. Wanangu, hilo ndilo jembe ninalolisema. Kwetu halina mpini.

Walipopata mtoto walitaka kufanya karamu. Kijiji kile ni mchanganyiko, Waislamu na Wakristo, na wapo waliokuwa wanangoja kuona. Mume alimfuata mzee wa Kiislamu, jirani, akamwomba aje amchinje mbuzi. Hakutangaza. Tulijua tulipoona nani ameshika kisu. Tukala wote sinia moja moja, na wale waliokuja wakiwa wamekwisha kula kwao kwa tahadhari walikula tena.

Hili la mwisho huwa silisemi hadharani. Mchungaji ameniomba, na mimi nimekubali.

Mtoto wangu wa pili alishikwa na malaria kali. Boti ya kwenda mjini haikuwepo. Yule mama alikaa naye usiku kucha na dawa alizokuwa nazo, na kulipopambazuka mtoto akafariki mikononi mwake. Mnaweza kukisia yaliyofuata. Kufika adhuhuri kijiji kilikuwa kimeanza kunong'ona kwamba ni sindano ya mzungu.

Alikuja. Alijua kinachosemwa, akaja. Alivua viatu, akaketi mkekani pamoja na wanawake, akanishika mkono. Hakuniambia Mungu amempenda zaidi. Hakuniambia kitu. Mumewe alikuwa makaburini na wanaume, ameshika koleo zamu yake. Ilipofika dua alirudi nyuma hatua kadhaa, akasimama ameinamisha kichwa mpaka tulipoitikia amina. Siku ya arobaini yule mama alirudi na unga kichwani, akaingia moja kwa moja jikoni, akauliza sufuria kubwa iko wapi.

Minong'ono ile niliizima mimi. Nilisimama kisimani nikasema mbele ya wanawake wote kwamba mwanangu aliuguzwa na mtu wa nyumbani kwangu, na anayetaka kumsema aje kwanza aniseme mimi. Nami nawauliza ninyi: muda wote ule wa kuketi kwenye mchanga wa dagaa bila la kuandika kwenye taarifa, je, ulikuwa wa bure? Dawa zake zilishindwa siku ile. Mahubiri ya mumewe sikuyafuata, na nimebaki kwenye dini yangu. Lakini asingekuwa na mahali pa kusimama mbele ya kijiji kama sisi hatukuwa tumempa.

Kwa hiyo msifiche mlikotokea wala kilichowaleta. Mtu akiwauliza kama mmekuja kuhubiri, semeni ndiyo. Kijiji kinavumilia dini ya mtu. Kinachokiudhi ni kugundua baadaye kwamba urafiki ulikuwa chambo. Dawa ya mtoto isiwe na masharti. Na mkiahidi kurudi Jumanne, mrudi Jumanne, hata kama ziwa limechafuka na mnatapika njia nzima.

Wale mliopangiwa mwambao wa kaskazini, nyoosheni mikono niwaone. Watatu. Vizuri. Boti mtazipandia Kibirizi. Mkishuka, waulizeni watoto nyumba ya binti wa yule bibi muuza dagaa, mama yake alikuwa akipangisha walimu, watawapeleka wenyewe. Mwambieni mmetumwa na mwalimu wa chumba cha uani. Atawaambia chumba hakijafagiwa. Ingieni hivyohivyo. Nimeangalia mwezi, mtafika wakati wa giza, wanaume watakuwa majini, kwa hiyo msiitishe mkutano wowote wiki hiyo. Na haya magodoro niliyoyaona yamefungwa pale mlangoni, yaacheni hapa mjini. Atawapa mkeka.